Kwa nini Brazil ilibaki nchi moja na upande wa Mhispania ukavunjika nchi tisa?

msomaramani
Wakuu habari za muda huu. Nna swali linanisumbua siku nyingi na najua humu kuna watu wa jiografia na wa historia. Nikiangalia ramani ya Amerika Kusini naona Brazil ni jitu zima, karibu nusu ya bara, inapakana na kila nchi isipokuwa Chile na Ekuador, afu ukija upande aliotawala Mhispania unakuta nchi tisa, nyingine kama Uruguay zimebanwa tu pale pembeni. Lugha ileile, dini ileile, wote wamemfukuza mkoloni karibu kipindi kimoja, sasa ilikuaje hawa wakagawanyika na Mreno akaacha kipande kimoja?

Shuleni tuliambiwa Papa wa Roma alichora mstari wa kuwagawia Mhispania na Mreno, huku wako huku wangu, basi. Ila ule mstari nimejaribu kuufuata kwenye ramani unapita karibu na mdomo wa mto Amazon, yaani sehemu kubwa ya Brazil ya leo ipo upande wa Mhispania! Kwa hiyo jibu la Papa naona halitoshi kabisa.

Afu vile vinchi vitatu vya kule juu, Guyana, Suriname na ile ya Mfaransa (Guyana ya Ufaransa), vimetokea wapi? Natanguliza shukrani, na tafadhali msinirushie linki, nielezeni kwa maneno yenu.

kipa_wa_akiba
Walibaki pamoja ili wapate timu nzuri ya mpira. Swali limejibiwa, funga uzi.

mzee_atlasi
Mkuu swali zuri, achana na huyo kipa. Mimi naanza na ardhi, maana bila ardhi pale hutaelewa kitu.

Bara lile magharibi lina ukuta, milima ya Andes, kilometa kama 7,000 kutoka Venezuela mpaka mkiani kule Patagonia. Inatokana na bamba la Nazca, yaani pande kubwa la gamba la dunia lililo chini ya bahari ya Pasifiki, kujisokomeza chini ya bamba la bara lenyewe, ndo maana Chile na Peru matetemeko hayaishi. Kilele chake Aconcagua kipo Argentina, mita 6,961, hakuna mlima mrefu kuliko huo nje ya Asia. Sasa huo ukuta ndo unaamua mvua inyeshe wapi. Upepo wenye unyevu unatoka Atlantiki, unapita juu ya msitu wa Amazon, ukigonga Andes unapanda, unapoa, mvua yote inamwagwa upande wa mashariki. Upande wa pili hakivuki kitu, na baharini kule kuna mkondo wa Humboldt, maji baridi yanayopanda kutoka kusini ambayo hayatoi mvuke wa maana, matokeo yake unapata jangwa la Atacama, mahali ambapo vituo vya kupimia mvua vinaweza kukaa miaka bila kuona tone. Kuna vijiji vya pwani huko Chile vimewahi kutega ukungu kwa nyavu ili vipate maji ya kunywa! Yaani msitu mkubwa kuliko yote wa mvua na jangwa kavu kupita kiasi vipo kwenye bara moja, katikati ni milima.

Na unyevu ule hauishii pale. Sehemu yake ikigota kwenye Andes inakata kona kwenda kusini, inanyesha Paraguay, kaskazini mwa Argentina mpaka São Paulo. Wenyewe wanaiita mito inayoruka. Ukikata msitu kaskazini, mkulima wa soya aliye mbali kabisa kusini anaumia, ila hiyo ni mada nyingine.

Turudi kwenye swali. Mhispania alifuata madini na watu, na vyote vilikuwa juu milimani, maana himaya ya Inka ilikuwa huko. Karibu na ikweta ukikaa chini ni joto na malaria, ukipanda juu hewa ni nzuri na viazi vinaota, kwa hiyo miji mikubwa ikawa huko: Bogotá mita 2,600, Quito 2,850, La Paz zaidi ya 3,600. Kila mji umefungiwa kwenye bonde lake. Kolombia peke yake Andes imegawanyika safu tatu, kutoka Bogotá kwenda pwani ilikuwa wiki kadhaa juu ya mto Magdalena, ndo maana walikimbilia ndege mapema sana, shirika lao lilianza 1919 na linaruka mpaka leo. Mreno yeye alikaa pwani, mashamba ya miwa, Recife, Salvador, Rio, miji yote inafikika kwa meli. Watu wanaofikiana wanabaki pamoja. Ndo jibu langu.

binti_wa_nyaraka
Mzee Atlasi shikamoo. Maelezo ya mvua nimeyapenda, ila hitimisho nakataa, samahani.

Kama ni milima, basi tueleze Argentina, Uruguay na Paraguay. Pale hakuna Andes katikati, ni tambarare, na mito ya Paraná na Uruguay inawaunganisha wote na ghuba moja ya Río de la Plata. Walikuwa chini ya gavana mkuu mmoja tangu 1776, wanafikiana kwa boti, na wakavunjika vilevile! Na Brazil nayo usiseme ni pwani tu, maana ndani kuna Amazon. Pará na Maranhão kule kaskazini zilitawaliwa muda mrefu kama koloni la peke yake kwa sababu upepo na mikondo ya bahari ilifanya iwe rahisi meli kwenda Lisbon kuliko kushuka Bahia. Kwa hoja yako ilitakiwa leo kuwe na Brazil mbili au tatu.

Mimi nasema angalia nani alikuwa amekaa kwenye kiti mwaka 1808. Napoleon aliingia Uhispania akamweka kaka yake Joseph kuwa mfalme. Huku Amerika watu wakajiuliza, mfalme wetu kafungwa, sasa tunamtii nani? Wa kujibu hakuwepo, kwa hiyo kila mji mkubwa ukaunda baraza lake mwaka 1810: Caracas Aprili, Buenos Aires Mei, Bogotá Julai, Santiago Septemba. Kila baraza linasema lenyewe ndo lenye mamlaka, afu miji ya mikoani nayo inauliza wewe Buenos Aires nani kakupa ukubwa juu yetu. Paraguay waliwapiga jeshi la Buenos Aires wakabaki kivyao. Kwa hiyo vipande vilikuwepo kabla hata Mhispania hajaondoka, na vilifuata mipaka ya mahakama kuu za kikoloni: ya Quito ikawa Ekuador, ya Charcas ikawa Bolivia, Chile hivyohivyo. Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, alijitahidi kuunganisha Venezuela, Kolombia na Ekuador kuanzia 1819, na kufikia 1830, mwaka aliokufa, kitu kilishasambaratika.

Sasa Mreno. Napoleon huyohuyo alipokaribia Lisbon mwishoni mwa 1807, familia nzima ya kifalme ilipanda meli na maofisa wake, hazina, makaratasi na vitabu, chini ya ulinzi wa manowari za Uingereza, wakahamia Rio. Hebu fikiria, koloni linageuka makao makuu ya himaya. Mfalme aliporudi Ureno 1821 alimwacha mwanae Pedro, na Pedro ndo akatangaza uhuru tarehe 7 Septemba 1822 akawa mfalme wa Brazil mwenyewe. Hapakuwa na kiti kitupu hata siku moja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kila mji kujitangazia mamlaka.

Ongeza na elimu. Lima walikuwa na chuo kikuu tangu 1551, na Wahispania wakafungua vingine vingi, kila mkoa ukawa na wanasheria na mapadre wake wenye ndoto zao. Brazil hawakuwa na chuo kikuu hata kimoja wakati wa ukoloni, hata mashine ya kuchapa ilipigwa marufuku mpaka 1808. Mtoto wa tajiri alipelekwa chuo kikuu cha Coimbra, Ureno, kwa hiyo wakubwa wa kaskazini na wa kusini walikuwa wamesoma darasa moja, wanafahamiana.

Na kuna jambo watu hawapendi kulitaja, utumwa. Brazil ilipokea zaidi ya Waafrika milioni 4, wengi kutoka Angola na Kongo na Afrika Magharibi, karne ya 19 wakaja wengi pia kutoka Msumbiji. Wenye mashamba walikuwa wameona yaliyotokea Haiti, watumwa walivyowapindua mabwana zao, wakaogopa kwamba wakianza kupigana wao kwa wao watumwa watainuka. 1835 Waislamu wa Bahia waliinuka kweli. Bora mfalme kuliko fujo, ndo ilikuwa hesabu yao, na wakashikilia utumwa mpaka 1888. Mwaka uliofuata ufalme nao ukaanguka.

Msomaramani, kuhusu mstari uko sahihi. Papa alitoa tamko lake 1493 ila mstari wenyewe walikubaliana Ureno na Uhispania kule Tordesillas 1494. Kati ya 1580 na 1640 mfalme alikuwa mmoja kwa nchi zote mbili kwa hiyo nani angeulinda? Watu wa São Paulo wakapenya ndani kukamata wenyeji na kutafuta dhahabu, wakaipata Minas Gerais miaka ya 1690. Mkataba wa Madrid wa 1750 ukaja kukubali tu kwamba kila mtu abaki na alichokikalia.

mzee_atlasi
Marahaba binti. Umepiga vizuri ila usinizike bado. Huyo mfalme wako alipata shida kushika nchi kwa sababu ya ardhi hiyohiyo. Rio Grande do Sul, tambarare za ng'ombe kule kusini, walipigana kujitenga miaka kumi, 1835 mpaka 1845. Pará waliasi 1835 mpaka 1840 wakafa maelfu kwa maelfu. Na Uruguay ilikuwa mkoa wa Brazil kabisa, ikachomoka, 1828 Mwingereza akasimamia iwe nchi ya katikati ili Brazil na Argentina wasiendelee kugombania mdomo wa mto. Sehemu zilizotaka kutoka ni zile za pembezoni, zile za mbali na Rio.

Ila nakubali, kiti kujaa au kuwa kitupu ni jambo kubwa. Hilo la 1810 kwa kweli ndo msingi wa mipaka yao, na waliifanya sheria: mipaka ya uhuru ni ileile ya mikoa ya mkoloni. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo 1964 walikubaliana hivyohivyo.

kipa_wa_akiba
Kumbe uzi wa maana huu. Naendelea kusoma nimekaa pembeni.

fundi_lugha
Jamani mnaongelea wafalme tu, na wale watu je? Mleta mada umeandika "lugha ileile dini ileile" na hapo ndo nimeshtuka.

Chukua Paraguay. Wengi pale wanaongea Kiguarani nyumbani na sokoni, na sio wenyeji wa asili peke yao, hata mwenye babu Mhispania. Katiba ya 1992 imekifanya lugha rasmi sawa na Kihispania. Wamisionari wa Kijesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, walikitumia kufundishia na kuhubiri kwa zaidi ya miaka mia, afu Mhispania akawafukuza 1767, lugha ikabaki. Nenda Peru, Bolivia na Ekuador, Kiquechua kina wasemaji mamilioni. Bolivia katiba yao ya 2009 imetambua lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania. Sasa mtu akisema "Walatini" kama vile ni kabila moja mimi nacheka tu.

Wahamiaji ndo usiseme. Brazil ina watu wenye asili ya Japani wengi kuliko nchi yoyote nje ya Japani yenyewe, meli ya kwanza ilifika 1908, mashamba ya kahawa yalitaka vibarua baada ya utumwa kufutwa. Peru walishaongozwa na rais mwenye asili ya Japani, Alberto Fujimori, miaka kumi. Argentina imejaa Waitalia mpaka Kihispania chao kina mdundo wa Kiitalia, na kule Chubut, Patagonia, kuna vijiji vya watu kutoka Wales waliofika 1865 na Kiwelisi bado kinasikika.

Haya, vinchi vitatu. Ile pwani ni matope na mikoko, Mhispania hakuona dhahabu akaipuuza, wakaingia Waholanzi, Waingereza na Wafaransa kulima miwa. Mholanzi ukimpa matope anajenga ukuta na mifereji, ndo Georgetown ya Guyana mpaka leo iko nyuma ya ukuta wa bahari, maji yakijaa mji uko chini ya usawa wake. Mwingereza akaja kuchukua Guyana 1814. Suriname ilienda kwa Mholanzi 1667, na kwenye makubaliano hayohayo Mwingereza akabaki na mji ambao sasa ni New York, nani alipata dili nzuri jaza mwenyewe. Utumwa ulipokufa wakaletwa Wahindi kwa mikataba, Guyana kuanzia 1838, Suriname 1873, Suriname wakaongezewa na watu wa Java kuanzia 1890. Ndo maana unakuta Paramaribo msikiti na sinagogi vimepakana ukuta kwa ukuta. Na ndani msituni kuna Wasaramaka na Wandyuka, wajukuu wa watumwa waliotoroka, walimpiga Mholanzi mpaka akasaini nao mikataba ya amani miaka ya 1760. Wana lugha zao na machifu wao mpaka leo. Hiyo stori peke yake inatosha uzi mzima.

Ile ya Mfaransa sio nchi, ni Ufaransa kabisa. Pesa ni yuro, wanapiga kura ya rais wa Ufaransa, na roketi za Ulaya zinarushwa Kourou kwa sababu ni karibu na ikweta, dunia inawasaidia kusukuma. Mpaka mrefu kuliko yote wa Ufaransa wa nchi kavu ni kati yake na Brazil. Angalia ramani tena.

msomaramani
Aisee asanteni sana, sijategemea majibu ya hivi. Binti wa nyaraka umenifungua kichwa, hilo la kiti kitupu nimelielewa. Swali la nyongeza basi, hii mipaka ya 1810 mbona bado wanagombana? Nasikia Bolivia ina jeshi la majini na haina bahari, na Venezuela inataka kumeza Guyana.

mpita_njia77
Mipaka ya 1810 kwenye karatasi ilikuwa sawa, ila jangwani na msituni hakuna aliyepima. Ugomvi unaanza siku kitu cha thamani kikionekana.

Bolivia ilikuwa na pwani, Antofagasta, kipande cha Atacama ambacho hakuna aliyekitaka mpaka ilipogundulika chumvichumvi ya naitreti, mbolea na baruti ya Ulaya nzima ilitegemea hiyo. Kampuni za Chile zikachimba, Bolivia ikapandisha kodi, vita ikaanza 1879, Chile ikawapiga Bolivia na Peru pamoja, Bolivia ikapoteza bahari. Kwenye mkataba wa 1904 walipewa haki ya kupitisha mizigo bandari za Chile, na reli ya Arica mpaka La Paz ikaisha 1913, lakini kupitisha mzigo kwa jirani sio sawa na kuwa na bandari yako. Jeshi la majini lipo kweli, linafanya doria ziwa Titicaca, mita 3,800 juu, na mitoni. Kila tarehe 23 Machi wana siku ya bahari. Walipeleka kesi mahakama ya kimataifa kule The Hague, 2018 mahakama ikasema Chile hailazimiki kisheria kukaa mezani kuongelea kuwarudishia bahari. Naitreti yenyewe Wajerumani walikuja kuitengeneza kiwandani kwa hewa, thamani ikaanguka, lakini chini ya mchanga uleule kukawa na shaba ya kutosha kuilisha Chile na sasa lithiamu ya betri.

Venezuela na Guyana ni hivyohivyo. Sehemu inayoitwa Essequibo ni theluthi mbili ya Guyana. Mwaka 1899 jopo la usuluhishi lilikaa Paris likaipa Uingereza karibu yote, Venezuela baadae ikasema ule uamuzi ni batili, 1966 wakasaini Geneva kwamba wataendelea kuongea. Kimya kimya hivyo mpaka 2015 yalipopatikana mafuta mengi baharini upande wa Guyana. 2018 Guyana ikaenda mahakama hiyohiyo ya The Hague, Desemba 2023 Venezuela ikapiga kura ya maoni kudai eneo lote, Brazil ikasogeza wanajeshi mpakani kwake maana njia nzuri ya magari kutoka Venezuela kuingia huko ingepita ardhi ya Brazil. Mzee Atlasi hapo anapata pointi, msitu umezuia vita kuliko wanadiplomasia.

binti_wa_nyaraka
Pointi moja tu nampa.

kipa_wa_akiba
Swali la mwisho kutoka benchi. Hivi mtu anaweza kuendesha gari kutoka Alaska mpaka Argentina bila kupanda meli?

mzee_atlasi
Hapana. Barabara inakatika kati ya Panama na Kolombia, kama kilometa 100 hivi za msitu, vinamasi na milima, wanapaita Darién. Mara nyingi imependekezwa ijengwe, lakini kuna wenyeji, kuna hifadhi, na kuna hofu ya magonjwa ya mifugo kupanda kaskazini. Watu kwa miguu wanapita, 2023 walivuka zaidi ya laki 5 wakielekea Marekani, wengi Wavenezuela, na wengine walifia njiani. Wa gari anapakia kontena Panama, anaenda kulipokea Cartagena, mwenyewe anapanda ndege.